Shada la Vipande vya Nguo

Wazo la shada alikuja nalo mtoto mwenyewe, Jumapili ya kwanza ya Majilio, tukiwa tunatoka kanisani. Mbele ya altare walikuwa wameweka taji la matawi lenye mishumaa minne, mmoja umewashwa, na misa nzima hakuliondolea macho. Tulipopita sokoni akakutana na jingine. Duka moja la madaftari lilikuwa limetundika mlangoni duara la majani ya plastiki, lina matunda mekundu na utepe wa kung'aa. Akasimama. Nikamwambia twende, wali haujipiki. Akanifuata huku shingo imegeukia nyuma, kisha akaniuliza, "Mama, na sisi si tuna mlango?"

Mlango tulikuwa nao. Mume wangu ni fundi ujenzi, na mlango ule wa mninga aliupata kwenye nyumba ya zamani iliyokuwa inabomolewa. Ulikuwa mzuri kuliko nyumba tuliyoufungia.

Siku nyingine nikapita pale dukani peke yangu, nikauliza bei ya lile la plastiki. Nikacheka, na mwenye duka naye akacheka, tukaachana kwa amani. Nikamwambia mtoto tutatengeneza la kwetu, lakini hadi nimalize nguo za watu. Mimi nashona, cherehani yangu iko barazani, na Desemba kila mama wa mtaa wetu wa Viwanja Sitini anataka binti yake aende misa ya Krismasi na gauni jipya, tena anakuja kulitaka wakati kitambaa hakijakatwa. Mtoto akakubali kusubiri. Ila kila akirudi kucheza nilimwona anainama chini ya meza, anaokota vipande vilivyoanguka, anavitia kwenye mfuko wake.

Niseme kwanza alikuwa nani. Alikuwa mtoto wa mdogo wangu. Mdogo wangu alifariki siku chache baada ya kujifungua, na mtoto nikapewa mimi kitovu chake hakijadondoka. Mimi na mume wangu hatukujaliwa kupata. Maziwa yake ya kopo nilikoroga mimi, na jino lake la kwanza lilijaribiwa kwenye kidole changu. Hatukumficha. Picha ya mama yake ilikuwa ukutani, na kila Novemba tulikwenda Idete, kwa baba yangu, kupalilia kaburi. Lakini mama alikuwa ananiita mimi, na kwa miaka ile yote nilikuwa nimesahau kwamba kuna jina jingine ambalo angeweza kuniita.

Baba yake mzazi alikuwepo. Ni mtu wa Mahenge, fundi pikipiki, mpole. Alimtolea mdogo wangu mahari yote, na pale msibani alilia hadi wanaume wenzake wakamtoa nje. Baadaye alirudi kwao, akaoa, akawa anakuja mara moja moja na mfuko wa sukari na viatu ambavyo siku zote vilikuwa vidogo. Mtoto alimwita baba wa Mahenge. Alimwamkia, akakaa naye kidogo kwenye kochi akijibu maswali ya shule, kisha akaomba ruhusa akacheze. Baba tu, bila jina la mahali, alikuwa mume wangu.

Majilio yakiwa katikati, baba yangu akanipigia simu kwamba niende Idete, kuna wageni. Nilipofika nikamkuta yule baba wa Mahenge ameketi na baba yake mkubwa, wamevaa mashati ya kupigwa pasi. Nikajua. Nikaingia jikoni, maana wageni lazima wale. Niligeuza kuku kwenye sufuria nikisikia sauti za wanaume lakini siyo maneno, na nilipopeleka maji ya kunawa wakanyamaza wote, mmoja akanisifia harufu ya mchuzi.

Walipokwisha kula baba akaniita nyuma, kwenye banda la kuku. Akanieleza kwamba kijana hajakosa. Mahari alitoa. Mke wake wa sasa amekubali. Mama yake ni mgonjwa na anataka kumwona mjukuu Krismasi hii, kwa hiyo wanaomba mtoto aende kabla ya sikukuu, na Januari ataanza shule hukohuko. Nikamuuliza baba kama katika mazungumzo yao walinitaja. Baba si mtu wa maneno mengi. Aliwatazama kuku wake kwanza.

"Wamekushukuru sana, mwanangu," akasema.

Nikaitikia, haya baba. Naye alikuwa anamtoa mtoto wa binti yake. Halafu macho yangu yakaangukia mabua ya mpunga ambayo huyatunza kwa ajili ya viota, nikamwomba kidogo. Akauliza ya nini. Nikamwambia kuna kitu nimemwahidi mtoto. Akafunga mzigo mkubwa kuliko nilioomba, akaubeba mwenyewe begani hadi barabarani kwenye bodaboda, mzee yule.

Mtoto nilimwambia kesho yake asubuhi. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya baraza na ungo mapajani, anachambua mchele. Nikakaa ngazi ya chini yake, nikamwambia kwamba baba wa Mahenge anakuja kumchukua, kwamba ana bibi huko anayetaka kumwona, kwamba atakaa huko na kusoma huko. Aliendelea kuchambua. Akauliza kama Mahenge kuna baridi. Nikasema ipo. Akauliza kama mimi na baba tutakwenda naye. Nikamwambia hapana, tutakuja kumtembelea. Mkono wake ukasimama juu ya mchele, na nikadhani sasa atalia, nikajiandaa.

"Basi shada tulitengeneze kabla sijaondoka," akasema.

Nikaziweka nguo za watu kando. Mama mmoja alikuja kufuata gauni, akaona halijaguswa, akapandisha sauti. Nikamwambia arudi kesho. Aliniangalia usoni, sijui aliona nini, akaondoka taratibu.

Mume wangu ndiye aliyeanza. Alichukua waya ule mwembamba wanaofungia nondo, akakunja nyuzi tatu pamoja, akauzungusha kwenye ndoo kubwa ya maji ili duara litoke sawa. Akampa mtoto alishike, akalipitisha kichwani kama taji, likamshukia hadi mabegani, wakacheka wote wawili. Kisha mume wangu akasema anakwenda saiti, ingawa nilijua siku hiyo hakuwa na kazi.

Mabua tuliyalowesha kidogo yasivunjike, tukayazungushia kwenye waya hadi yakawa na unene wa kifundo cha mkono, tukafunga kwa nyuzi tulizochomoa kwenye mfuko wa sandarusi. Hapo lilionekana kama ngata ya kubebea maji. Mimi nilikuwa nimefikiria tulifunike kwa matawi ya mvinje basi, kijani kitupu, kama lile la kanisani. Yeye akaleta mfuko wake wa vipande, akaumwaga sakafuni.

Alitaka vifungwe kimojakimoja. Nikamkatia mikanda ya urefu wa kidole, nikamfundisha fundo lisilofunguka, na tukafunga, yeye upande wake na mimi upande wangu, tukisogeleana. Alitambua kila kipande. Hiki cha gauni la mwalimu. Hiki cha yule mama anayeuza samaki wa Kivukoni, aliyetaka mikono mipana. Hiki sare ya kwaya, hiki pazia la muuguzi, hiki cha mtoto wa jirani aliyekataa kola. Hakuchagua nyekundu na kijani pekee kama nilivyodhani. Alitia hata kaki ya suruali ya shule.

Tulikuwa tumefika karibu nusu aliponiuliza huko nani atamsuka.

Nikamwambia mama wa huko.

"Twende kilioni anaijua?"

Nikamwambia ile kila mwanamke anaijua. Akaridhika, au alijifanya. Mimi nikainamia fundo langu, maana macho yalikuwa hayaoni uzi.

Akasema pia linakosa matunda mekundu. Njiani kwetu kuna mkrismasi, ule mti unaowaka maua mwezi huo, akakimbia akarudi na shungi zima. Tukayachomeka. Kabla jua halijashuka yalikuwa yamelegea kama karatasi iliyolowa. Nikaleta kopo langu la vifungo, nikamwambia achukue vyekundu vyote. Vilikuwa vya kila aina, vya koti, vya shati, vingine vina matundu mawili na vingine manne, na nikavishona mwenyewe kwa uzi maradufu, mahali alipoweka kidole chake. Mwisho tukachomeka vijitawi vya mvinje katikati ya vitambaa, na likawa shada.

Mume wangu alirudi akapigilia msumari. Lilipotundikwa liliegemea upande mmoja, kwa sababu upande wangu nilifunga kwa kubana kuliko wake. Alitaka kulirekebisha. Mtoto akamwambia aliache hivyohivyo. Akasimama barabarani kulitazama, akarudi barazani, akaenda tena barabarani.

Kwetu shada ni kitu cha kaburini. Hilo sikulifikiria hata kidogo. Jua lilikuwa halijazama nilipomwona bibi mmoja, jirani wa ng'ambo ya barabara, anakuja polepole, kanga moja amejifunga kiunoni na nyingine kichwani, mkononi bakuli la mchele. Alifika mlangoni, akainamisha kichwa, akatupa pole, akauliza kwa sauti ya chini ni nani. Mimi sikumwelewa. Mtoto alimwelewa.

"Hakuna aliyekufa, bibi," akamwambia. "Ni Krismasi."

Bibi wa watu alicheka hadi akakaa chini. Mume wangu akacheka, mtoto akacheka kwa kuwaona wanacheka. Mimi niliingia ndani kama mtu anayefuata maji ya mgeni, nikasimama nyuma ya mlango uleule, mkono mdomoni, hadi nilipoweza kutoka. Mchele wake bibi alikataa kurudi nao. Alisema chakula kikishavuka barabara hakirudishwi.

Baba yake alikuja kumchukua siku ile waliyokubaliana na wazee. Alileta koti la sufu kwa ajili ya baridi, na safari hii lilimtosha kabisa. Nilijua alimpigia baba yangu simu kuuliza kimo. Hilo liliniuma kuliko kama angeleta dogo.

Tulikwenda wote stendi. Mume wangu alibeba begi, akaliweka kwenye buti, akaenda kusimama nyuma ya basi, na hakutokea tena hadi basi lilipoondoka. Mtoto alikaa dirishani. Hakulia. Alikuwa amevaa gauni nililomshonea na koti juu yake, joto lote lile la Ifakara, akakataa kulivua kwa sababu baba yake alikuwa pale na hakutaka aone kama amelikataa. Ndivyo alivyokuwa. Aliniambia nisilitoe shada kabla ya Krismasi. Nikamwahidi. Basi likashika njia ya Kivukoni, na nikahesabu moyoni mahali litakapokuwa: sasa daraja, sasa upande wa pili wa mto, sasa Ulanga. Nikaacha kuhesabu.

Mchana wa Krismasi wasichana wa mtaani walipita barazani kunionyesha magauni yao, kama wanavyofanya kila mwaka. Nilikuwa nimekaa bila la kufanya. Mmoja alisogea mlangoni kuangalia shada, akashika kipande kimoja akasema hiki cha kwangu. Mwenzake akatafuta chake, akakipata. Wakaitana. Wakaja mama zao, akaja mwalimu, na kwa muda watu walijaa mbele ya mlango wangu, kila mmoja anatafuta nguo yake, anaikuta, anawaonyesha wengine. Nilicheka nao. Nilimtamani mtoto awepo aone, kwa namna ambayo hadi sasa sijui kuielezea.

Ndipo msichana yule wa kwanza akaniuliza kipande cha mtoto mwenyewe ni kipi.

Nikamwambia kitakuwepo. Walipoondoka nikalitelemsha shada, nikalilaza mapajani, nikapitia kipande kimoja baada ya kingine, nikifunua cha juu kuona cha chini. Gauni lake nililishona baada ya shada kwisha, na nguo zake nyingine zilikuwa za zamani, vipande vyake vimeshatupwa. Aliwaweka watu wote wa mtaa wetu. Yeye hakuwemo. Mume wangu alinikuta hapo, akaniuliza natafuta nini, nikamwambia sindano. Akalichukua shada mikononi mwangu akalirudisha kwenye msumari.

Nililiacha pale hadi Kwaresima. Mvinje ukakauka, ukawa unadondosha vijiti kizingitini, nami nikawa nafagia kila asubuhi bila kuinua macho. Jumuiya yetu ilipokuja kusali nyumbani kwangu baada ya Jumatano ya Majivu, niliona mwenyekiti anaangalia mlango, anaangalia chini. Walipoondoka nikalitoa mwenyewe. Nililifunga kwenye mfuko wa sandarusi, nikaliweka juu ya kabati, na msumari nikaukunja ili usimchane mtu.

Katika miezi ile simu zilikuwa za kila Jumapili. Mwanzoni alilia, na mimi nilimbembeleza kwa sauti ya kawaida, nikakata, halafu nikalia peke yangu. Baadaye akaanza kunisimulia: ukungu wa asubuhi, kilima anachopanda kwenda shule, bibi yake ambaye sasa ameanza kutembea hadi kanisani. Alipata rafiki. Alipata namba nzuri darasani. Nilishukuru, nilishukuru kweli, maana niliogopa asije akateseka. Kisha Jumapili moja baada ya Pasaka alipokea simu akasema, "Shikamoo, mama mkubwa."

Nikaitika marahaba. Ndivyo inavyopaswa, mimi ni dada mkubwa wa mama yake, na hakuna aliyemfundisha vibaya. Nadhani naye alilisikia neno lile. Halafu akaendelea kunieleza kuhusu mtihani.

Baada ya mavuno nilikwenda Mahenge na mchele mpya. Nilimkuta amerefuka, amesukwa vizuri, mgongoni amembeba mdogo wake wa kiume na anamtikisa kama mtu mzima. Alipiga goti kidogo kuniamkia. Alinipokea mzigo, akaniletea kikombe cha maji ya kunywa juu ya sahani, kama nilivyomfundisha kuwafanyia wageni. Baadaye aliponiona nimekaa peke yangu alikuja akaniegemea begani, hadi mtoto mgongoni akaamka.

Mke wa baba yake ni mwanamke mwema. Ningependa niseme vingine, lakini ni mwema. Alinichinjia kuku, akaniita dada. Tulikaa naye jikoni tukichambua mboga, akanisimulia jinsi mtoto anavyomsaidia, asivyo na kiburi. "Asante kwa kutulelea, dada," akaniambia, na alisema kwa moyo wote. Kutulelea. Nilikuwa bado nalimeza neno hilo sauti ilipotoka nje, uani.

"Mama!"

Nikaitika. Mwenzangu naye aliitika, palepale, sauti zetu zikagongana. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni na kata ya maji mkononi. Alinitazama mimi, akamtazama yeye, uso ukamwiva. Alitaka kuuliza ndoo ndogo imewekwa wapi. Mwenzangu akamjibu kwa upole kwamba iko nyuma ya mlango, na mimi nikainamia mboga, nikaendelea kutenga majani mabovu na mazima, ingawa yote yalikuwa mazima.

Kesho yake walinisindikiza kwenye gari na mfuko wa maharage. Nilifika nyumbani mume wangu akiwa amekwishawasha moto. Aliniuliza hajambo. Nikamwambia hajambo, amerefuka. Akachochea kuni, akauliza kama ana furaha, nikamwambia anayo. Akatikisa kichwa, akaenda kunawa. Maharage nikayabandika hapohapo. Yalikuwa mapya, hayakuchukua muda kuiva. Tulikula, na katikati ya kula akasema yanataka chumvi kidogo, nikamsogezea chumvi.